Mekatilili, mkebe wa babu na duka lako

Hapa stejini Kaloleni ukitaja KRA, kuna jibu utapewa kabla hujamaliza sentensi. "Mekatilili alikataa kodi, sisi ni nani tulipe?" Anayesema ni jamaa wa bodaboda, au dada wa M-Pesa, au muuza makuti, na anasema kwa fahari kabisa. Watu wanacheka, mada inafungwa, kila mtu anarudi kwa simu yake.

Hiyo stori ya Mekatilili naipenda kuliko wengi wenu. Lakini naona tunaitumia vibaya, na inatutoa pesa mfukoni. Hesabu nitaileta huko mbele. Kwanza turudi nyuma, manake bila kujua kodi iliingiaje huku kwetu, huwezi kuelewa kwa nini mwenye duka akiona zile herufi tatu anafunga mlango nusu.

Pwani hii imejua ushuru zamani sana. Neno lenyewe ni la Kiarabu, asili yake ni fungu la kumi. Wareno walikaa Mombasa wakadai, Waomani wakaja nao wakadai. Lakini ule ulikuwa ushuru wa mzigo. Umeleta kitambaa bandarini, unaacha sehemu, unapita. Huku kwetu, juu kidogo kutoka baharini, Mgiriama alikuwa na mahindi yake, mbuzi wake, mnazi wake, na kama ni mtu wa safari, pembe za ndovu za kupeleka sokoni. Alikuwa mfanyabiashara. Hakuna aliyewahi kumwambia alipe kwa sababu tu analala ndani ya nyumba.

Hilo lilikuja na Waingereza. Mwaka 1901 serikali ya himaya iliweka kodi ya nyumba, na miaka michache baadaye ilikuwa rupia 3 kwa kila nyumba. Sikiza vizuri: kila nyumba, si kila mtu. Mzee mwenye wake watatu, kila mke na nyumba yake, analipa mara tatu. Mwaka 1910 wakaongeza kodi ya kichwa, ili kijana ambaye hana nyumba naye asiponyoke.

Sasa hapa ndipo watu hupita haraka, na ndipo penye utamu. Ile kodi haikuwa ya kutafuta pesa peke yake. Ilikuwa inatafuta mikono. Mashamba ya wazungu ya pwani, ya mpira na pamba na mkonge, yalikuwa hayana vibarua, na Mgiriama hakuona sababu ya kwenda kulima shamba la mtu kwa mshahara wa senti wakati mahindi yake yanauzika na mnazi wake unanunuliwa. Biashara ndogo ndogo za huku ndizo zilikuwa zinawaudhi. Mtu mwenye biashara yake hana haja ya kuwa kibarua. Kwa hiyo weka kodi, idai kwa pesa taslimu, na mtu atalazimika kutoka mudzini kwake kwenda kuitafuta.

Mwaka 1912 akaletwa afisa mdogo wa wilaya kwa jina Arthur Champion, kazi yake ikiwa kuhesabu nyumba, kukusanya kodi na kutoa vibarua. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane, si mzee wa kambi, si mkuu wa chochote kwa karatasi, akaanza kuzunguka vijijini akicheza kifudu na kukusanya watu. Wakala viapo Kaya Fungo, ambayo ukitaka kujua iko hapa hapa kwetu Kaloleni. Wanawake kiapo chao, wanaume chao: hakuna kutoa vibarua, hakuna kushirikiana na serikali. Inasimuliwa kwamba alimletea Champion kuku na vifaranga akamwambia jaribu kuchukua kimoja, na kuku akamdona. Kama ilitokea vile vile au la, ujumbe unafika.

Akakamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Mwaka 1914 wakatoroka wakarudi Pwani kwa miguu. Fungua ramani uangalie Kisii iko wapi. Agosti mwaka huo serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikazuka, nyumba zikachomwa, watu wakauawa. Mwisho wake Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kudaiwa vijana wa kubeba mizigo ya jeshi katika vita dhidi ya Wajerumani. Gawanya 100,000 kwa 3. Ni kodi ya nyumba zaidi ya 33,000, imedaiwa kwa mara moja.

Kwa hiyo ukisema Mekatilili alikataa kodi, sawa, lakini sema yote. Alikataa kodi iliyotungwa na watu ambao hakuna Mgiriama aliyewachagua, iliyohesabu nyumba bila kuuliza umeuza nini, na iliyokusudiwa kukutoa kwenye biashara yako uende ukalimie mwingine. Anayefananisha hiyo na fomu ya Juni kwenye kompyuta anamvunjia mama wa watu heshima.

Haikuwa Giriama peke yake pia. Baada ya ile vita ya kwanza kodi ilipanda nchi nzima mpaka shilingi 16. Nairobi Harry Thuku na wenzake wakapiga kelele, Thuku akakamatwa Machi 1922, watu wakaandamana, polisi wakafyatua risasi, na Mary Muthoni Nyanjiru ni mmoja wa waliokufa pale. Kodi ikashushwa hadi shilingi 12. Na kipindi hicho hicho ndipo kikaja kipande, ile karatasi ndani ya kikebe cha chuma shingoni mwa mwanamume. Babu zetu walijifunza jambo moja ambalo naona limebaki kwenye damu: serikali ikikuuliza karatasi, hakuna jema.

Uhuru haukuliondoa hilo. Kuanzia miaka ya 60 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 70 kulikuwa na kodi ya mtu binafsi ya viwango, iliyokuwa ikikusanywa na serikali za mitaa. Babu yangu mzaa baba alikuwa mgema wakati huo. Anasema askari wa chifu walikuwa wanajua kabisa saa ya kwenda mangweni, yaani saa ambayo wanaume wote wamekaa na mboko zao na hakuna anayeweza kukimbia. Wanasimama mlangoni: risiti! Mwenye nayo anaendelea na mrija wake. Asiye nayo anaenda na wao.

Babu ana mkebe, ule wa zamani wa majani ya chai, na ndani kuna risiti za kodi za miaka ile, zimekunjwa mpaka zimekuwa kama kitambaa. Ile kodi ilishafutwa kabla baba yangu hajaanza shule. Nikamuuliza mbona hutupi, akaniangalia kama mimi ndiye mgonjwa. "Wakirudi je?"

Cheka ukitaka. Mimi naona yule mzee, ambaye hakusoma hata darasa moja, anaelewa kodi kuliko wenye maduka wengi wa hapa sokoni. Yeye hakuwahi kukamatwa. Si kwa sababu alilipa kuliko wengine. Ni kwa sababu alikuwa na ushahidi.

Na hili la ushahidi, Kaloleni ina historia nalo ambayo hata vitabu vimeandika. Miaka ya 60 mtaalamu wa anthropolojia kutoka Uingereza, David Parkin, alikuja kukaa na Wagiriama wa huku, na mwaka 1972 akatoa kitabu kinachoitwa Palms, Wine, and Witnesses: minazi, tembo, na mashahidi. Mada yake ni vijana wa wakati huo waliokuwa wakinunua minazi na mashamba kutoka kwa majirani waliobanwa na mahari au matanga, wakaanza kutajirika na mbata. Shida yao? Kwanza, kila mtu mwenye kitu alitarajiwa kukitoa. Matanga, harusi, wazee wanataka kunywa, binamu anataka ada ya mtoto. Hiyo ni kodi, hata kama haina fomu. Mnaijua. Ukifungua duka leo kijijini kwenu, mteja wa kwanza ni mjomba, na amekuja kukopa.

Baadhi ya vijana wale waliugua, mganga akasema ni pepo wa Kiislamu, na tiba ni kuishi kama Mwislamu: hakuna mnazi, hakuna kula kila mahali. Wakapona. Na pia, kwa heshima zote, wakatoka kwenye mzunguko wa kunyweshana. Pesa ikabaki kwenye minazi. Sisemi walikuwa wakiigiza, ugonjwa ni ugonjwa na imani ni imani. Nasema tu kwamba kupanga jinsi ya kupunguza mzigo bila kuvunja sheria ya watu si kitu kilichotoka Nairobi na wahasibu wa suti.

Pili, hawakuwa na hati. Umenunua minazi kumi kwa mdomo, miaka kumi baadaye mtoto wa aliyeuza anasema baba aliweka rehani tu, hakuuza. Mnakwenda mbele ya wazee. Wewe una nini? Una wazee waliokuwepo siku ile, kama bado wako hai, na kama bado wanakupenda. Kwa hiyo yule kijana mjanja, hata awe tajiri vipi, ilibidi awaheshimu wazee, manake wao ndio walikuwa daftari lake. Asiye na shahidi alipoteza minazi aliyoinunua kwa jasho lake.

Sasa njoo leo.

Kitu cha kwanza kinachochanganya watu hapa sokoni ni kudhani wamelipa. "Mimi kila siku nakata tiketi, na leseni ya kaunti ninayo, KRA wanataka nini tena?" Hawana makosa ya kufikiri hivyo, manake tangu ukoloni mikono ilikuwa miwili, serikali kuu na baraza la mtaa, na yote ilidai kwa sauti moja. Katiba ya 2010, kifungu cha 209, imegawanya: kodi ya mapato na ile ya VAT ni za serikali ya kitaifa, kaunti ina ada zake za leseni, soko na nyinginezo. Tiketi ya soko haikuondolei kodi ya mapato. Lakini ni gharama ya biashara yako, kwa hiyo usiitupe. Utaona kwa nini.

Kodi ya mauzo, ile KRA huita TOT, ni ya biashara inayouza zaidi ya milioni 1 kwa mwaka lakini haizidi milioni 25. Ilianza kama asilimia 3, mwaka 2020 ikashushwa hadi 1, Julai 2023 ikarudishwa 3. Inalipwa kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Na inakatwa kwenye mauzo, si faida. Hapo naomba usikimbie, soma tena. Mauzo. Ni ile roho ya kodi ya nyumba: nyumba ni nyumba, haijalishi ndani kuna chakula au hakuna.

Chukua duka la kawaida la hapa. Linauza 4,000 kwa siku, siku 26, hiyo ni 104,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 1,248,000. Umepita milioni, bila hata kujiona tajiri. TOT ni 3,120 kwa mwezi, 37,440 kwa mwaka. Lakini tuseme katika kila shilingi 100 unayouza, unabaki na 15 baada ya bidhaa, kodi ya chumba, stima, leseni, zile tiketi. Faida yako ya mwaka ni 187,200. Kidogo sana, ndiyo. Ndiyo maana unaona 37,440 ni wizi.

Sheria ile ile ina mlango wa pembeni. Unaweza kumwandikia kamishna wa KRA kwamba hutaki TOT, unataka kutozwa kodi ya mapato ya kawaida, yaani kwa faida. Ukiingia huko, shilingi 288,000 za kwanza za mwaka zinatozwa asilimia 10, na kila mkazi anapewa nafuu ya 28,800. Asilimia 10 ya 187,200 ni 18,720. Toa nafuu. Unalipa sufuri. Sufuri halali, yenye risiti. Kati ya 37,440 na sufuri, tofauti ni nini? Ni kama unaweza kuthibitisha hiyo faida au huwezi.

Na kuthibitisha kumekuwa kugumu kidogo, sitawadanganya. Tangu Januari 2024 gharama ya biashara inatakiwa iwe na ankara ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki. Ukinunua bidhaa kwa jumla Mariakani au Mombasa halafu ukapewa karatasi ya daftari la mkono, au hupewi kitu kwa sababu "tukikupa risiti bei inapanda", umenunua mnazi bila shahidi. Ile akiba aliyokupa itarudi kwako kama kodi. Dai ankara, mpe PIN yako iandikwe juu yake. Na wewe ukitakiwa kutoa, huhitaji mashine, hata simu ya mulika mwizi inafanya kwa *222#. Karatasi za biashara zikae miaka 5, ndivyo sheria ya taratibu za kodi inavyosema. Tafuteni mkebe.

Jambo jingine ambalo naona linamaliza vijana ni tili na namba yao ya simu kuwa kitu kimoja. Chama kinaingia hapo, mjomba wa Saudia anatuma ya matanga hapo hapo, mauzo hapo hapo. Siku ukiulizwa mauzo ni yapi na msaada ni upi, utaanza kuita mashahidi. Tenganisha. Daftari la shilingi 50, mauzo ya siku upande mmoja, matumizi upande wa pili, dakika tano kabla ya kufunga duka. Nilisomea biashara chuoni mpaka mwaka wa pili karo ilipokata, na nakwambia hakuna kitu nilichofundishwa kule kinachozidi hilo daftari.

Kama hujafika hata milioni, TOT haikuhusu, lakini kama una PIN bado unatakiwa kufaili ritani ya mwaka. Kama hukupata kitu kabisa unafaili ile ya nili. Wengi wenu mlichukua PIN kwa ajili ya mkopo wa chuo au kazi fulani mkaisahau. Ukikosa kufaili, faini ya mtu binafsi haipungui 2,000 kwa kila mwaka uliorukwa. Miaka minne ya kusahau ni 8,000, kwa mtu ambaye hakuwa anadaiwa hata senti ya kodi.

Najua kuna mtu anasema huyu sasa amekuwa wakala wa serikali. Jamani. Juni 2024 sote tulikuwepo, wengine barabarani, wengine kwenye simu. Mswada wa fedha ulitaka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Kilichonishangaza wakati ule ni vijana kusoma mswada wenyewe, kifungu kwa kifungu, na kuueleza kwa lugha za nyumbani kwenye video za dakika moja. Hawakuwa wanasema hatutaki kodi, walikuwa wanasema kifungu fulani kinafanya hivi na hatukikubali. Juni 25 waandamanaji wakaingia bungeni, watu wakapigwa risasi, siku iliyofuata rais akasema hatatia saini. Makumi ya watu walikufa katika wiki zile. Ukitaka kupinga kodi kwa njia ya Mekatilili, anza kwa kujua ni kodi gani na inakula wapi. Yeye alijua kabisa Champion alikuja kuchukua nini.

TOT kukatwa kwenye mauzo mimi pia naipinga. Asilimia 3 ya mauzo kwa duka lenye faida ya 15 ni moja ya tano ya faida yote, na hakuna mfanyakazi wa mshahara mdogo anayekatwa kodi ya mapato ya namna hiyo. Hilo linaweza kusemwa wakati bunge linapochukua maoni ya wananchi, kabla ya sheria mpya ya fedha kuanza Julai. Viwango hubadilika hapo, kwa hiyo hata namba nilizoweka hapa zikagueni kila mwaka. Lakini mwenye duka atakayesimama mbele ya ile kamati na daftari la miezi 12 mkononi, aonyeshe faida ni kiasi gani na kodi imekula kiasi gani, huyo ni vigumu kumwambia aketi.

Mwisho wa kufaili ya mwaka ni Juni 30. Saiba za hapa Kaloleni wiki hiyo foleni hufika barabarani, mtandao unalala, na yule jamaa wa kompyuta anakufailia nili hata kama ulikuwa na mauzo, kwa sababu nili ni haraka na wateja wanangoja. Nenda Aprili. Beba daftari lako, na mwambie asibonyeze kitufe cha mwisho kabla hujasoma.